Funguo Mbili za Kyimo

Dar es Salaam
8 Februari 1999

Dada yangu mpendwa Ikupa,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kutafakari kwa kina athari zake kwa ukoo wetu, kwa kata yenu ya Msasani huko Tukuyu na kwa taifa kwa ujumla, naomba kuutangazia umma kwamba Ijumaa iliyopita mdogo wako Lugano alikabidhiwa rasmi kiti kinachozunguka.

Ndiyo, dada, kinazunguka. Kina magurudumu matano, mgongo wa ngozi (au wa kitu kinachojitahidi sana kufanana na ngozi), na pembeni kina kishikizo ambacho ukikivuta kinakushusha taratibu kama mgeni rasmi anayeteremka kwenye ndege. Walipokileta nilizunguka mara moja, kwa adabu, mbele ya wafanyakazi. Halafu nikafunga mlango nikazunguka bila adabu mpaka nikalazimika kushika meza.

Usicheke. Miaka yote ile kwenye shirika la umma nilikalia kiti cha mbao chenye mguu uliofungwa kwa waya, na kila nikiinama kuchukua jalada nilikuwa nasali kwanza. Sasa soko la bima limefunguliwa, kampuni binafsi zimeingia, na hawa wa kampuni ya Mhimili wameona kwamba mzee wa miaka arobaini na saba mwenye kitambi na shahada ya sheria anastahili kuzunguka. Mimi nani nibishane na soko huria?

Halafu, tafadhali, acha kuwaambia watu wa Msasani kwamba kazi yangu ni kuwatoa watu mahabusu. Wiki jana nimepokea barua kutoka kwa mtu nisiyemjua, anaomba nimdhamini kijana wake aliyekamatwa na pombe ya magendo. Dhamana yangu ni nyingine. Mtu akiajiriwa kushika fedha za wenzake, mwajiri anakuja kwetu. Tunamchunguza huyo mtu, tukiridhika tunaandika: huyu tunamdhamini, akiziiba tutakulipa sisi, kisha tutamalizana naye wenyewe. Hiyo ndiyo dhamana ya uaminifu. Mkandarasi naye akipewa daraja la serikali, tunamdhamini kwamba atalimaliza. Akilikimbia katikati, sisi ndio tunabaki tumesimama mtoni. Mwezi uliopita mmoja alituletea picha za magreda yake matatu: la njano, la bluu na la kijani. Nilizitazama sana. Yote matatu yalikuwa na taa ya kushoto iliyovunjika vilevile, na mbwa yuleyule amelala chini yake. Nikamrudishia picha zake, nikamwomba anisalimie mbwa.

Kwa hiyo kazi naiweza, dada, tena vizuri. Masharti ya hati zetu za uaminifu nimeyaandika mimi mwenyewe. Kifungu cha saba ndicho ninachojivunia: sefu iwe na funguo mbili, mmoja wa mtunza fedha na mwingine wa mwenyekiti, na isifunguliwe ila wote wawili wamesimama hapo pamoja, kila mmoja na ufunguo wake. Hakuna mtu hata mmoja kubaki peke yake na sefu iliyo wazi. Ni kifungu ambacho hata shetani angekisoma mara mbili.

Na unajua ni nani amekuwa miongoni mwa wateja wa kwanza? Ushirika wenu wa wakulima wadogo wa chai, Kyimo. Nilipoliona jina kwenye jalada nilisimama kwa furaha, kiti kikarudi nyuma chenyewe hadi ukutani. Nisalimie wote.

Mdogo wako,
Lugano


Msasani, Tukuyu
3 Machi 1999

Mdogo wangu Lugano,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mbele ya wanawake wenzangu baada ya ibada. Wamesema hongera kwa kiti. Mmoja ameuliza kama kinazunguka kwa umeme. Nimejibu kwamba kwa ninavyokufahamu kinazunguka kwa majivuno.

Huku mvua. Sina cha kuongeza kuhusu mvua. Shamba la chai la marehemu shemeji yako kule Kyimo linachumwa vizuri, na malipo ya majani yanapitia ushirika kila mwezi bila kelele. Tangu nianze kulipwa pale sijawahi kupunguziwa hata senti, na mtunza fedha ni Sekela, yule mwanafunzi wangu aliyekuwa akikataa kukaa nyuma darasani. Mimi ndiye niliyemwandikia barua ya kumtambulisha kwenu. Nilisema ni mwaminifu. Sikuongeza chumvi.

Mzee Jotham ameacha uenyekiti kwa sababu ya macho. Wanachama wamemchagua Mzee Ambilikile kwa kauli moja. Unamkumbuka, yule mrefu mwenye bakora, nyonga inamsumbua. Ndiye aliyekataa lori la mbolea lishushe kwake kwanza alipokuwa mjumbe tu. Akasema wa kwanza atakuwa mjane wa bondeni, na ikawa hivyo.

Ofisi tumeiboresha kidogo. Sekela aliomba mlango wa nyuma, fundi Lazaro ametoboa, sasa pana hewa. Mkaguzi wenu, kijana Gidion, alifika wiki iliyopita. Tukampa chai na ndizi, akaandika sana. Nadhani ameridhika.

Doreen wangu kule Mbeya anakaribia kujifungua, huenda nikaenda kukaa naye. Ukija, njoo na koti. Kiti acha huko.

Dada yako,
Ikupa


Dar es Salaam
19 Aprili 1999

Dada Ikupa,

Safari hii sina utani, na ukiona unaponyoka mahali, usamehe, ni mazoea.

Taarifa ya Gidion imefika mezani kwangu. Hakuridhika. Anapendekeza dhamana ya Sekela isihuishwe inapokwisha mwezi Juni. Bila dhamana, kiwanda cha chai hakitapitisha fedha kwa ushirika wenu, na Sekela hatashika ufunguo wa hata sanduku la chaki. Nakunukulia, na tafadhali usiisomee kanisa:

"Mtunza fedha na mwenyekiti hawasimami pamoja mbele ya sefu hata mara moja. Mwenyekiti anapokaribia, mtunza fedha hujifunika kitenge na kutoka mbio kwa mlango wa nyuma, mlango ambao nimeambiwa ulitobolewa kwa ombi lake mwenyewe baada ya mwenyekiti kuchaguliwa. Huacha ufunguo wake dirishani. Mwenyekiti huchukua funguo zote mbili na kufungua peke yake. Kisha naye hutoka, na mtunza fedha hurudi na kubaki peke yake na sefu iliyo wazi. Nilipomuuliza nani anashika ufunguo wa pili, alijibu: yule baba wa upande wa juu. Nilipomtaka ataje jina, akaenda kumwita mtu mwingine aje alitaje. Hesabu hazina upungufu wowote, jambo ambalo kwa mazingira haya linaongeza mashaka."

Dada, nimeisoma taarifa hii nikiwa nimekaa, nikiwa nimesimama, na nikiwa nazunguka. Kijana hakuandika chuki, aliandika alichokiona. Na alichokiona ni kifungu changu cha saba kimevunjwa vipande, kila siku ya malipo.

Nakuuliza kama ndugu, si kama kampuni. Je, wana ugomvi? Kuna kesi ya shamba kati yao? Au, na hapa nainamisha kichwa maana wewe ni dada yangu mkubwa, kuna jambo la aibu kati ya mzee yule na binti yule, kiasi kwamba hawawezi kutazamana? Nimekuwa katika kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba watu wawili wenye funguo wasiotazamana wana kitu wanachokificha. Niambie ukweli nijue nasimama wapi. Wewe ndiye uliyemwandikia barua.

Lugano


Msasani, Tukuyu
27 Aprili 1999

Wewe Lugano,

Ni mkwewe!

Nimepumzika kidogo, sasa naendelea. Ni baba mkwe wake. Sekela ameolewa na Baraka, dereva wa trekta kiwandani, na Baraka ni mtoto wa tatu wa Mzee Ambilikile. Kyimo nzima inajua, Tukuyu nusu yake inajua. Ndiyo maana hakuna aliyemwambia kijana wenu. Nani angeanza kumweleza mgeni kwamba jua linatokea upande ule? Tulidhani anaona.

Jambo la aibu kati yao! Ndiyo, Lugano, lipo. Linaitwa heshima. Sasa kaa vizuri kwenye kiti chako, ukishike, nikukumbushe kitu.

Siku moja mama alikuwa anatoka mtoni na debe la maji kichwani. Babu, mzaa baba, akatokea njiani. Mama akajitosa kwenye migomba, na debe lake, mvua inanyesha. Babu alikuwa hana habari, akasimama palepale anazungumza na jirani habari za ng'ombe aliyekataa kunyonyesha. Wakazungumza ukoo wote wa yule ng'ombe. Mimi nilikuwa nimesimama njiani, najua mama yupo humo, na babu alijua kwamba najua kitu, lakini hakuuliza, akaniaga akaenda. Mama alitoka amelowa mpaka kwenye mifupa, na debe halikumwagika. Mpaka babu anazikwa, mama, mkamwana wake, hakuwahi kumtazama usoni wala kulitamka jina lake. Na unajua nani mwingine alikuwa ndani ya ile migomba? Wewe. Ulikuwa mgongoni mwake. Hukulia hata kidogo. Ulikuwa na akili zaidi siku ile kuliko siku uliyoniandikia barua hii.

Najua kilichokupata. Baba alifariki hujaoa, na wifi yangu ni Mpare, kwa hiyo nyumbani kwako jambo hili halikupata hata mlango wa kuingilia. Nakusamehe. Sekela sijui kama atakusamehe.

Kwa sababu kijana wenu, kabla ya kuondoka, aliwaambia wajumbe wa kamati wamwangalie kwa karibu. Maneno hayo yameshuka mpaka sokoni. Baraka anataniwa juu ya trekta lake. Jumapili iliyopita Sekela hakuimba kwaya. Amekuja kwangu akaniambia, "Mwalimu, bima ikinikataa, nani atanipa hata kapu la sadaka nilishike?" Nilimwambia aache huo uoga, amtazame mzee usoni mara moja tu, dakika moja, yaishe. Akanitazama kama nimemwambia avue nguo barabarani.

Nikaenda kwa mzee. Naye hatikisiki. Alisema hivi: "Mwalimu, nikimtazama mkamwana wangu usoni kwa ajili ya karatasi ya Dar es Salaam, jioni nitamtazama nani?" Yuko tayari kujiuzulu. Wanachama hawataki kusikia, kwa sababu ya ile mbolea. Sekela naye yuko tayari kuacha kazi, na akiacha sasa, kila mtu atasema aliondolewa kwa wizi. Wote wawili wanagombea kuondoka, na hawawezi hata kukaa chumba kimoja wakubaliane nani aondoke.

Kifungu ulikiandika wewe. Ulisema hata shetani angekisoma mara mbili. Ungekisoma mara moja kwa macho ya mama yako.

Ikupa


Dar es Salaam
10 Mei 1999

Dada yangu,

Nimechapwa, na viboko vyote vimefika mahali pake. Nimekaa na barua yako jioni nzima. Wifi yako aliniuliza nacheka nini, kisha akaniuliza nalia nini, nikamwambia ni kitu kimoja. Ile migomba siikumbuki. Lakini tangu nisome barua yako nasikia harufu yake, majani yaliyolowa, na kitu kibaridi kinachonidondokea shingoni. Labda najidanganya. Wanasheria tuna kipaji hicho.

Sasa kazi. Nimeingia kwa mkurugenzi wetu, Bwana Simon. Ni mtu wa haki lakini hana utani. Nadhani alizaliwa amevaa tai. Nikamweleza habari za mkwe na mkamwana tangu mwanzo. Alisikiliza, akasema, "Mwakalobo, mila naiheshimu. Lakini sisi hatulipwi kuheshimu, tunalipwa kutilia shaka. Nikiwafutia hao kifungu cha saba, kesho kila ushirika utakuwa na mkwe." Na hapo, dada, hakukosea. Ningekuwa mimi kwenye kiti chake (cha kwake kinazunguka na kulala) ningesema vivyo hivyo. Sefu ikibaki wazi na mtu mmoja, siku fedha zikipotea, Sekela hana wa kumtetea hata kama ni malaika. Kifungu kile kinamlinda yeye pia.

Kwa hiyo sitakifuta. Nitakitimiza, na mila mtabaki nayo. Nimeshapata njia, na ninakuambia kwa uhakika wote nilionao: itafanya kazi. Kifungu kinataka wote wawe pale, kila mmoja na ufunguo wake. Hakuna mahali kinataka waonane. Mwambie fundi Lazaro ajenge kiambaza cha mianzi katikati ya ofisi, kutoka ukuta wa nyuma hadi usawa wa tundu za funguo za sefu, kirefu kuliko Mzee Ambilikile akiwa na kofia. Sekela ataingia kwa mlango wake wa nyuma na kusimama kushoto, mzee ataingia mbele na kusimama kulia. Kila mmoja atazungusha ufunguo wake. Hakuna atakayemwona mwenzake, na hakuna atakayekuwa peke yake. Nimechora, mchoro umo kwenye bahasha. Uone ulivyo mzuri. Ningeweza kuwa mhandisi.

Bwana Simon anakuja Mbeya mwanzoni mwa Juni kwa ajili ya dhamana ya mkandarasi wa barabara. Nimemwomba apande mpaka Kyimo aone mwenyewe, na amekubali. Nitakuwa naye, na Gidion pia. Mwambie Sekela arudi kwaya. Mwambie mwanasheria wa kampuni amesema hivyo, na kwamba anajua anachokifanya.

Mdogo wako aliyenyooka,
Lugano


Msasani, Tukuyu
21 Juni 1999

Mdogo wangu Lugano,

Nimerudi kutoka Mbeya. Doreen amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Ndiyo maana hukunikuta, na nimejuta, kwa sababu nimekuta mji una habari zako kuliko za bei ya chai.

Nakupa ninachokisikia, nawe utaniambia kipi ni kipi. Inasemekana ulisimama katikati ya ofisi ya ushirika ukamnyooshea kidole mkurugenzi wako. Inasemekana ulisoma sheria kwa Kilatini na mvua ikakatika. Inasemekana ulimwambia, "Ukimgusa Sekela umenigusa mimi," na yule bwana akatoa leso. Muuza maparachichi wa pale stendi anasema ulipiga sefu ngumi ikafunguka. Lazaro nikimuuliza anacheka mpaka anaweka msumeno chini, hasemi.

Sekela ameimba jana. Dhamana amehuishiwa, hati ameibandika ukutani kwake karibu na picha ya harusi. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na kwa hilo, mdogo wangu, ndaga fijo, asante sana. Nimekwenda hata kaburini kwa mama nikamwambia.

Lakini kuna jambo. Jumatano basi la Dar limeshusha kitu kilichofungwa kwa magunia, kimeandikwa kwa mwenyekiti, Kyimo. Kilipofunguliwa kilikuwa kiti. Kina magurudumu matano. Mzee Ambilikile anakizungusha kwa mguu mmoja, na wajukuu wanapanga foleni nje ya ofisi.

Sasa niambie ukweli wenyewe. Usiniandikie kama mwanasheria.

Ikupa


Dar es Salaam
30 Juni 1999

Dada Ikupa,

Hongera kwa mjukuu. Mtazame kama ana masikio yangu. Akiwa nayo, pole.

Ukweli ni huu, na ukiusoma kwa sauti baada ya ibada nitakuelewa.

Sikunyoosha kidole. Kilatini ninachokijua hakifiki mwisho wa sentensi. Mvua haikukatika, tena ilizidi, na gari letu lilikwama kabla ya Kyimo. Tulifika kwa miguu, viatu mkononi, na Bwana Simon alikuwa bado amefunga tai. Hotuba yangu, ambayo nilikuwa nimeiandaa siku tatu, ilibaki garini ndani ya mkoba.

Kiambaza kilikuwa kizuri ajabu. Lazaro alifuata mchoro wangu mpaka nukta ya mwisho. Wajumbe walijaa mlangoni. Mzee Ambilikile aliingia mbele, akakohoa kama anavyokohoa njiani ili wakamwana wajue anapita, akasimama kulia. Nyuma ya mianzi tukasikia mlango, kisha mchakacho wa kitenge. Sekela alikuwa amefika kushoto. Nikamwambia Bwana Simon, kwa sauti ya mtu anayezindua daraja, "Kifungu cha saba, ndugu mkurugenzi. Tazama."

Ufunguo wa kushoto ukalia. Ufunguo wa kulia ukalia. Mzee akavuta mlango wa sefu, ukafunguka upana wa vidole viwili, ukagota kwenye kiambaza.

Dada, nilichora kila kitu isipokuwa kwamba mlango wa sefu hufungukia nje. Kiambaza nilikigotesha katikati kabisa ya sefu. Mzee akavuta tena. Mianzi ikasema kre. Lazaro akatazama dari. Gidion akafungua daftari lake, na, kwa huruma, akalifunga.

Bwana Simon akasogea, akatazama kile kitundu cha vidole viwili, akasema, si kwa ukali, "Mwakalobo, hata hili lingefunguka, bado sijapata jibu langu. Watu wawili wenye funguo wakipanga njama, kiambaza kitanisaidia nini? Nitajuaje kwamba hawa hawajapanga?"

Nikafungua mdomo. Hotuba ilikuwa garini. Sauti ya Sekela ikatoka nyuma ya mianzi, ikiuelekea ukuta:

"Nipange na nani, Bwana? Huu mwaka wa sita nimeolewa, sijamwambia hata shikamoo."

Kwanza hakuna aliyecheka. Halafu upande wa kulia wa kiambaza tukasikia kitu kama gogo linaloburutwa. Ni Mzee Ambilikile. Alikuwa anacheka, ameegemea bakora, machozi yanamtoka. Na upande wa kushoto kitenge nacho kikaanza kutikisika. Wakacheka wote wawili, mkwe na mkamwana, kila mmoja upande wake, wakisikilizana. Mjumbe mmoja aliniambia baadaye kwamba hajawahi kusikia kitu kama kile, na hakujua kama atoke nje au avue kofia.

Bwana Simon hakucheka. Lakini niliona analifikiria lile jibu kama anavyolifikiria jalada zuri. Maisha yake yote ya kazi ameogopa watu wenye funguo wanaoelewana sana. Hapa aliletewa wawili ambao wakitaka kula njama, itabidi kwanza wamtafute mshenga.

Ndipo mzee alipoamua. Akaniambia mimi, ingawa hakuwa anasema nami, "Ondoeni hiyo mianzi. Mimi nitageuka." Sefu ikafungwa upya, Lazaro akang'oa nguzo mbili. Mzee akafungua kitasa chake, kisha akageuka polepole juu ya ile nyonga, mpaka akaangalia dirishani, mgongo kwa sefu. Sekela akatoka upande wake amejifunika, akafungua cha kwake, mlango wa sefu ukafunguka wote, kwaaa. Akahesabu kwa sauti, akiuambia ukuta. Na mzee, macho kwenye chai ya mlima ule mwingine, akawa anaitikia kila bunda: "Ukuta umesikia." Wote wapo. Kila mmoja na ufunguo wake. Hakuna aliyemwona mwenzake usoni, na hakuna senti iliyotoka bila masikio mawili juu yake.

Lakini zoezi lilichukua muda, na tukaona bakora inaanza kutetemeka. Bwana Simon akaninong'oneza, "Kila siku ya malipo mzee huyu atasimama hivi?"

Na hapa ndipo ningependa kukuandikia kwamba nilitafakari. Sikutafakari. Nilikuwa nimelowa, nimeaibika, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Anachohitaji huyu ni kiti changu."

Nilikuwa natania, dada. Bosi wangu haelewi utani akiwa na kalamu mkononi. Aliandika palepale, nyuma ya taarifa ya Gidion: dhamana ihuishwe, kwa sharti kwamba mwenyekiti apatiwe kiti kinachozunguka, awahi kufungua kitasa chake akiwa amekaa, kisha ageukie dirishani. Na chini yake, kwa mwandiko uleule usio na tabasamu: kiti kitolewe na idara ya sheria.

Idara ya sheria ni mimi.

Gidion alifanya jambo moja ambalo halisimuliwi sokoni. Kabla hatujaondoka alikwenda mpaka mlango wa nyuma, akasimama nje kwenye mvua, akamwambia Sekela kwamba aliyoyaandika aliyaona kweli, ila hakuuliza, na kwamba kwenye taarifa mpya ataanza na hilo. Sekela akamwambia avuke kizingiti asilowe. Kijana atafika mbali. Mimi nimemwomba awe ananisomea masharti yangu kabla sijayajivunia.

Nilipita kaburini kwa mama, nikakuta umepalilia. Nilisimama tu, mvua inaninyeshea shingoni, nikaona naijua tangu kwenye migomba.

Barua hii naiandika nimekaa kwenye stuli ya jikoni ambayo wifi yako amenikopesha hadi bajeti ijayo. Ni imara, haina kishikizo. Asubuhi, kabla wenzangu hawajafika, nilifunga mlango nikajaribu.

Haizunguki.

Mdogo wako,
Lugano